Siku Kumi na Tatu Pungufu

2 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, goti tu ndilo linalonisengenya nikipanda ngazi. Nakuandikia kwa sababu simu na sikio langu la kushoto havijapatana tangu enzi za karakana, na hili ninalotaka kukwambia sitaki lisikike nusu.

Jana nilipita nje ya bustani ya michezo nikaona bango. Gurudumu Kubwa, lile linalobeba watu kwenye vibanda na kuwazungusha hadi juu ya mapaa ya mji, linabadilishiwa mtambo. Wanaleta mota mpya. Mtambo wa zamani utashushwa mwanzoni mwa Juni na kupelekwa kwa wauza vyuma chakavu. Kabla ya hapo wanawatembeza watu ndani ya chumba cha mitambo, na ziara ya mwisho ni tarehe 30 mwezi huu.

Humo ndani kuna gia moja, kubwa kuliko meza yetu ya kulia, yenye meno mia moja arobaini na manne. Meno yale niliyakata mimi. Sikuwahi kukueleza vizuri. Jino moja baada ya jingine, wiki kumi na moja, nikiwa na mimba yako. Tumbo lilipokua nilisimama upande upande kwenye mashine kama mtu anayepita mlango mwembamba. Siku ya uzinduzi mafundi wenzangu walikwenda kushangilia, mimi nilikuwa hospitali nakuzaa wewe. Baadaye maisha yakawa maisha. Sijawahi kuiona ikizunguka.

Nataka kuiona mara moja, na nataka Chiriku awe pembeni yangu. Mlete.

Mama yako


10 Mei

Shikamoo Mama,

Miaka thelathini na saba nimekuwa mwanao, na leo ndiyo naambiwa kwamba nilihudhuria kukatwa kwa gia. Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, na Chiriku amekuwa akizunguka sebuleni tangu hapo akihesabu meno mpaka mia moja arobaini na nne.

Fomu ya ziara nimeipata. Kuna tatizo dogo. Inasema watoto wa chini ya miaka kumi hawaruhusiwi, na mjukuu wako anatimiza kumi tarehe 12 Juni. Siku kumi na tatu, Mama. Nilikaa na kalamu mkononi nikawaza: hesabu ninayofundisha darasa la tano ina sura nzima ya kukadiria. Tisa nukta tisa sita, ukiikadiria, ni kumi. Nikaandika kumi.

Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

"Nikiulizwa niseme nini?"

"Sema kumi."

"Kumi kamili?"

Nikamwambia basi asiseme kitu, atabasamu tu. Lakini wewe ndiye uliyempa jina hilo la ndege asiyenyamaza, kwa hiyo unajua nimemwomba nini. Ni kama kumwomba kuku asichakure.

Wewe jaza fomu yako hapo hapo dirishani kwao. Tutafika tarehe 29.

Mwanao


15 Mei

Kwa Mwalimu,

Fomu yako imepokelewa. Wewe na binti yako wa miaka kumi mmepangiwa ziara ya mwisho, tarehe 30 Mei, saa nne asubuhi. Vaeni viatu vya kufunika vidole. Sketi ndefu hazifai kwenye ngazi zetu.

Mama yako naye amejaza fomu hapa ofisini na atakuwa kundi moja nanyi. Wazee wa miaka sabini na kuendelea huwa tunawataka walete barua ya daktari, lakini yeye ameandika sitini na nane, kwa hiyo hilo halimhusu. Alituchekesha sana. Alimuuliza karani kama ziara ina sehemu ya kukaa, halafu akasema anamuulizia jirani.

Karibuni sana.

Kiongozi wa Ziara


18 Mei

Shikamoo Mama,

Sitini na nane?

Sitini na nane ni umri wa Mjomba, mdogo wako. Kwa fomu yako, wewe na yeye sasa ni mapacha. Sijui kama ameshaarifiwa.

Mama, hao watu wanataka barua ya daktari kwa sababu ngazi ni kali. Goti lako linakusengenya kwenye ngazi tatu za mlango wako, je, hizo za kule? Nenda kwa daktari. Na usiniambie mimi nilifanya vilevile, najua.

Mwanao mwenye wasiwasi


19 Mei

Kwa Kiongozi wa Ziara,

Shikamoo. Mimi ndiye mtoto aliye kwenye fomu ya Mwalimu. Mwalimu ni mama yangu. Hajui kwamba ninaandika.

Sina miaka kumi. Nina miaka tisa na miezi kumi na moja na siku saba. Mama si mwongo, alinikadiria tu. Lakini nimefanya mazoezi ya kusema kumi mbele ya kioo na haitoki. Mara tatu za kwanza nilisema tisa bila kutaka. Mara ya nne nilisema kumi, halafu kwikwi ikanishika mpaka jioni.

Nina maswali mawili. La kwanza, mtu wa miaka kumi anaweza kufanya nini humo ndani ambacho mimi siwezi? Ukiniambia nitajifunza. Zimebaki siku kumi na moja.

La pili, kama mimi siruhusiwi, je, bibi yangu ataruhusiwa? Kwa sababu gia ni yake. Ana miaka sabini na moja lakini ana nguvu, majirani wote wanamletea chupa zilizokaza vifuniko.

Naomba usimkasirikie mtu.

Chiriku (ni jina la nyumbani)


21 Mei

Mwanangu,

Barua yako imefika na ukali wake wote.

Wewe uliongeza, mimi nimepunguza. Ukijumlisha familia nzima, hesabu imekaa sawa.

Daktari nikimwendea ataniuliza habari za goti, na goti halikualikwa kwenye ziara hii. Unajua wanavyomtazama mzee siku hizi? Ukitaja sabini wanakutafutia kiti. Ukitaja sabini na moja wanaanza kuzungumza na mtu uliyeongozana naye. Nilitaka kuingia mle kama fundi. Sikutaka kuingia kama mzigo.

Basi. Usimwambie Chiriku, ataitangaza mpaka stendi.

Mama yako


22 Mei

Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena.

Swali lako la kwanza. Ngazi za chumba cha mitambo ni za chuma chenye matundu. Ukitazama miguu yako unaona mpaka chini, kimo cha ghorofa nne. Mtambo unapiga kelele, kwa hiyo kila mtu huvaa vizuia kelele masikioni, na vidogo kabisa tulivyonavyo vinamtosha mtoto wa miaka kumi. Wewe vitakuteremkia shingoni. Sidhani mtu anaweza kujifunza kuwa na kichwa kikubwa kwa siku nane zilizobaki.

Sitakudanganya lakini. Wapo watoto wa miaka tisa wenye vichwa vikubwa, na wapo wa kumi na mmoja ambao wakiona ngazi wanalia. Mstari ni lazima uchorwe mahali, na popote utakapochorwa patakuwa na mtu amesimama hatua moja nyuma yake. Safari hii ni wewe. Nasikitika. Tarehe 30 sitaweza kukuingiza.

Swali la pili. Bibi yako ataruhusiwa akileta barua ya daktari, kwa kuwa sasa najua ana sabini na moja.

Itanibidi nimwandikie mama yako. Ila habari hii ni yako kabla haijawa yangu, kwa hiyo nitasubiri mpaka tarehe 27. Mwambie wewe. Watu wazima hawaumi wakiambiwa ukweli, hubadilika rangi tu kwa muda.

Na mimi nina swali moja. Unaposema gia ni ya bibi yako, una maana gani?

Kiongozi wa Ziara


25 Mei

Kwa Kiongozi wa Ziara,

Jana tukiwa mezani binti yangu aliweka kijiko chini, akatoa barua yako mfukoni, akanisomea yote. Alipofika kwenye "watu wazima hubadilika rangi" alisimama, akanitazama, akaniambia, "Bado kidogo, Mama, imefika shingoni."

Nilicheka kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia. Halafu nilimuuliza mbona hakuniambia kwanza. Akasema, "Nilikuambia. Nilikuuliza kama ni kumi kamili." Ni kweli, aliniuliza. Mimi ndiye niliyechagua kusikia swali la mtoto kama usumbufu.

Kila muhula nawanyang'anya watoto wa watu karatasi kwa kutazamia majibu ya jirani. Naomba radhi. Ninaomba pia umsamehe mama yangu, ambaye ameshaandikiwa barua ya pili, kali kuliko ya kwanza, na mjukuu wake.

Swali lako kuhusu gia: mama alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Meno yote ya gia yenu kubwa aliyakata yeye, nikiwa tumboni mwake. Hajawahi kuiona ikifanya kazi. Uongo wote huu ulitoka hapo. Siusemi ili kuutetea, nausema ili ujue umetokana na nini.

Futa majina yetu mawili. Lake, tafadhali, liache. Hata hivyo mimi nimeitwa kusahihisha mitihani kuanzia tarehe mosi, na kule hatuachiwi simu mpaka tumalize. Chiriku atakwenda kwa bibi yake kabla ya hapo, akae likizo nzima.

Mama Chiriku


27 Mei

Mama Chiriku,

Jina la mama yako lipo. Asubuhi ya leo alileta barua ya daktari, akaiweka kaunta taratibu kama mtu anayesalimisha silaha, akasema, "Sabini na moja. Mjukuu wangu amenishitaki." Nimempangia nafasi ya kwanza nyuma yangu.

Kwa kuwa umeniambia yako, nami nikuambie yangu. Zamani kiwango chetu kilikuwa miaka minane. Siku moja aliingia mtoto aliyeandikiwa minane, kumbe ana sita. Alipofika katikati ya ngazi alitazama chini kupitia matundu, akashika reli, akagoma kwenda mbele na nyuma. Tulisimamisha Gurudumu na watu arobaini juu kwa muda wa saa nzima mpaka alipoachia vidole. Mtoto yule alikuwa wangu. Fomu niliijaza mimi, mfanyakazi wa hapa hapa, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumwonyesha kazi ninayoifanya mimi, mama yake. Leo ana miaka ishirini na miwili, na balbu ikiungua chumbani kwake ninaibadilisha mimi. Miaka kumi niliipendekeza mwenyewe, na kila mzazi anayeilalamikia nanyamaza. Wewe ni wa kwanza kumweleza.

Sasa sikiliza. Tarehe 3 Juni gia itateremshwa na kreni mpaka uani nyuma ya karakana yetu. Uani hakuna ngazi wala kelele, wala mstari wa umri. Kwenye ziara watu wanaiona kupitia wavu, gizani. Uani Chiriku anaweza kuikumbatia akitaka.

Halafu kuna jambo lingine. Mafundi wetu watatu wataanza kuilegeza tarehe mosi, na hawajui waanzie wapi. Michoro ilipotea zamani. Kwenye kumbukumbu zetu pameandikwa tu "meno yamekatwa na fundi wa nje". Nilipowasomea barua yako, mkubwa wao alivua kofia, akauliza, "Yuko hai?"

Nikamwambia yuko hai, tena ana barua ya daktari.

Kiongozi wa Ziara


4 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini watoto wamefaulu na hutumii wino mwekundu mwingi.

Nina habari nyingi kwa hiyo nitaanza na ya tarehe 30. Bibi aliingia ziarani, mimi nilimsubiri ofisini na karani. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza, "Umeumia goti?" Akasema, "Hapana. Inazunguka." Nikamuuliza inazungukaje. Akasema, "Kama nilivyoiambia."

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kuiteremsha, lakini ilikuwa haitoki. Tulipofika Bibi alikuwa amevaa ovaroli yake ya zamani, amekunja mikono. Gia ilishikwa na bolti sita kubwa na mafundi walikuwa wameshatoboa moja kwa hasira. Wawili walikuwa wananing'inia kwenye spana moja yenye bomba refu, mashavu yamewajaa hewa. Mkubwa wao alituonyesha kwenye picha za simu, kwa sababu mimi siruhusiwi kupanda.

Bibi alitazama picha, akasema, "Mnaanza kuilegeza lini?"

"Tangu juzi, Mama."

"Wanangu, mnaikaza."

Kumbe bolti zile zimechongwa kinyume, zinafunguka kwa kuelekea kulia. Bibi alisema gia inazunguka upande mmoja miaka yote, sasa ukiweka bolti ya kawaida itajifungua yenyewe siku moja watu wakiwa juu. Kwa hiyo walizigeuza makusudi. Mkubwa wa mafundi alikaa juu ya ndoo. Wale wawili walitazamana, kila mmoja akitaka mwenzake awe ndiye aliyeanza.

Baada ya hapo ilichukua dakika ishirini.

Kreni iliishusha polepole. Mama, ni kubwa. Nilikuwa nafikiri bibi anatia chumvi. Nimehesabu meno mara mbili, mara ya kwanza nilipata mia na arobaini na matatu kwa sababu nilisahau nilipoanzia. Ni meusi kwa grisi lakini ukifuta jino linang'aa kama kijiko. Bibi aliniwekea mkono wangu juu ya jino, akaweka wake juu ya wangu, akaniambia, "Hili lilikuwa la Ijumaa, siku ile ulikuwa umechoka." Nikamwambia, "Bibi, sikuwepo mimi." Akasema, "Nasema na mama yako."

Nimeahidi kukuandikia hivyohivyo alivyosema.

Kiongozi wa Ziara alikuja na kijana mrefu sana. Ni mwanawe. Alisimama na mimi tukahesabu pamoja. Aliniambia yeye pia haendi juu, na kwamba uani ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Nadhani alisema kweli, maana hakupata kwikwi.

Nakupenda. Sabuni ya Bibi haitoi grisi, usishangae kuhusu karatasi.

Chiriku


14 Juni

Kwa binti yangu mwenye miaka kumi kamili,

Barua yako imesomwa na wasahihishaji wote wa chumba namba tatu. Niliwasomea saa ya chai. Nilipofika "mnaikaza" mzee mmoja wa somo la fizikia alilazimika kutoka nje.

Ile ya Ijumaa niliisoma peke yangu kwanza.

Mwambie bibi yako kwamba sikumbuki kuchoka, lakini kama ni yeye aliyesema, nakubali. Na wewe nakuambia jambo ambalo sikulisema pale mezani kwa sababu nilikuwa bado nabadilika rangi: asante kwa kutonificha. Nikikupa tena maneno yasiyotoka mdomoni, nirudishie.

Ninakuja tarehe 22.

Mama


20 Juni

Mwanangu,

Wewe unakuja kesho kutwa na barua hii labda mtapishana njiani, lakini jambo lenyewe la jana, na sitaki lipoe.

Gia haiendi tena kwa wauza vyuma. Wameisimamisha karibu na lango na watoto wanakalia meno yake kama viti. Nimeitwa kila Jumatano kuwafundisha wale mafundi wawili kukata gia ndogo. Wanasikia haraka, tatizo lao ni kuogopa kuharibu chuma. Nimewaambia chuma kimeshaharibiwa na wakubwa wao wote, wasijione maalumu.

Jana Gurudumu limefunguliwa na mota mpya, na Kiongozi wa Ziara akatupa kibanda cha kwanza, mimi na Chiriku. Mwanangu, miaka yote hii nikiulizwa mbona sijapanda, nasema sikupata nafasi. Nafasi ilikuwepo. Mimi naogopa kimo; hata ngazi za ziara nilizipanda nikitazama mgongo wa Kiongozi tu. Nilijua nguvu ya kila jino la mtambo ule, na bado kila nikitazama juu nageuza njia.

Nilipanda kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Tukaanza kwenda. Mapaa yakashuka, miti ikashuka, nikaona karakana yetu ya zamani, siku hizi ni duka la magodoro. Nikafumba macho.

Chiriku akaniuliza, "Bibi, unaogopa?"

Mdomo ulishafunguka kusema siogopi. Ndivyo nilivyokujibu wewe kila umeme ulipokatika, kila ulipougua, hata siku baba yako alipochelewa kurudi. Siogopi, lala. Nilifikiri ndiyo kazi ya mama.

Nikasema, "Naogopa sana."

"Mimi pia," akasema. "Nilidhani niko peke yangu."

Akanisogelea, tukashikana mikono minne, tukaogopa pamoja mpaka juu kabisa. Huko juu Gurudumu likasimama kidogo. Nikafumbua jicho moja. Yeye akafumbua moja. Tukatazamana hivyo, jicho kwa jicho, na sijui nani alianza kucheka, lakini kibanda kilitikisika mpaka yule kijana mrefu, aliyekuwa chini, akapiga mluzi kutuuliza kama tuna shida.

Tulipofika chini mwendeshaji akafungua mlango, akatunyooshea mkono wa kutuinua.

Tukamwambia hatushuki.

Mama yako